Bunduki ya Kilomita Mbili Haitaiokoa Salamabila

Hoja mmeisikia. Inasemwa redioni, inasemwa kwenye vikao vya vijana Kasongo na Kabambare, huku Maniema, na Salamabila kwenyewe inasemwa na watu ambao wana kila sababu ya kuchoka na vita. Inakwenda hivi: mwaka 2013, karibu na Goma, askari mmoja wa Afrika Kusini alimwangusha ofisa wa waasi wa M23 kutoka umbali unaozidi kilomita mbili. Basi serikali iwanunulie FARDC, jeshi la Kongo, bunduki za namna ile, wadunguaji wachache wapandishwe juu ya vilima vya Namoya, na wapiganaji wa Malaika watakwisha. Wanaoitetea wana takwimu, wana majina ya bunduki, wana rekodi za dunia. Nimezipitia zote, moja baada ya nyingine, na ninawaomba ninyi wasomaji mkae kama wazee wa baraza: pimeni kila dai kwa ushahidi wake, wala msinikubalie kwa sababu tu nina uchungu na Salamabila, ingawa ninao.

Nianze kwa kukiri kilicho kweli. Tukio la Goma si hadithi. Vyombo vya habari vya Afrika Kusini viliripoti kwamba mwishoni mwa Agosti 2013 mdunguaji wa kikosi maalumu cha nchi hiyo alipiga shabaha mita 2,125 kwa bunduki ya NTW-20 iliyofungwa mtutu wa milimita 14.5. Ni moja ya shabaha za mbali zaidi zilizowahi kurekodiwa vitani. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na yote yanayojengwa juu yake.

Dai la kwanza, na ndilo linalobeba mengine, ni kwamba kadiri kaliba, yaani unene wa risasi, inavyokuwa kubwa ndivyo risasi inavyofika mbali na kwa usahihi zaidi. Dai hili lina chembe ya ukweli na haifai kuificha: risasi nzito yenye umbo zuri hupunguza kasi polepole, na upepo huisukuma kidogo kuliko nyepesi. Lakini angalieni bunduki hiyohiyo wanayoisifu. NTW-20 imetengenezwa iweze kubadilishiwa mtutu. Ukiifunga mtutu wa milimita 20, watengenezaji wenyewe wanaipa umbali wa kazi wa mita 1,500 hivi. Ukiifunga ule mwembamba zaidi wa milimita 14.5, umbali unapanda hadi mita 2,300. Mwembamba unaushinda mnene, katika bunduki ileile. Sababu inajulikana. Risasi ile ya milimita 20 ilibuniwa kwa mzinga wa ndege za Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, ganda lake ni fupi, na inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 720 hivi kwa sekunde. Ile ya 14.5 inatoka kwa zaidi ya mita 1,000. Unene bila kasi haufiki mbali.

Tuendelee na rekodi zao wenyewe. Novemba 2009, Musa Qala nchini Afghanistan, Mwingereza Craig Harrison alipiga mita 2,475 kwa bunduki ya L115A3 yenye risasi ya milimita 8.6. Milimita 8.6 ilikwenda mita 350 mbele ya 14.5 ya Goma. Mwaka 2017 mdunguaji wa Kanada alipiga mita 3,540 huko Mosul, Iraq, kwa McMillan TAC-50 ya milimita 12.7. Na mwaka 2023 Mwukreni Vyacheslav Kovalskiy akafikisha mita 3,800. Bunduki yake inatumia ganda la 14.5 lililobanwa shingo ili lishike risasi ya 12.7. Fikirini maana yake: mafundi waliokuwa na 14.5 mkononi, waliotaka kwenda mbali zaidi, walipunguza unene wa risasi. Kinachoamua ni uzito wa risasi ukilinganishwa na unene wake, umbo lake, kasi ya kutoka mtutuni na ubora wa utengenezaji. Anayepanga bunduki kwa unene wa tundu la mtutu hajalinganisha chochote.

Kutoka hapo wanarukia dai la pili: kwamba mita 2,125 ni kazi ambayo bunduki hiyo itaifanya kila siku. Hapa ndipo hesabu inapowatupa. Rekodi ni shabaha moja iliyopata. Harrison mwenyewe alieleza kwamba alipiga risasi kama tisa za kupima kabla ya ile iliyofika, siku ambayo upepo ulikuwa umetulia na hewa ilikuwa safi, na alikuwa amevuka kwa karibu kilomita nzima umbali ambao bunduki yake imekadiriwa. Sasa fanyeni hesabu ya Goma pamoja nami. Hata tukijifanya kwamba risasi ya 14.5 haipungui kasi hata kidogo njiani, itachukua karibu sekunde mbili kuvuka mita 2,125. Katika sekunde hizo mvuto wa ardhi utaishusha si chini ya mita 19, na mtu anayetembea kawaida atakuwa amesogea mita mbili na nusu au zaidi. Hali halisi ni mbaya kuliko hapo, kwa kuwa risasi hupungua kasi tangu inapotoka mtutuni. Ile ya Mosul iliripotiwa kukaa hewani karibu sekunde kumi.

Ongezeni mtawanyiko. Wapiga shabaha huupima kwa sehemu moja ya sitini ya digrii, ambayo kwenye mita 100 ni sentimita 2.9 hivi. Bunduki bora sana, yenye risasi zilizopimwa moja moja, inaweza kubaki ndani ya kipimo hicho. Kwenye mita 2,000 kipimo hichohicho ni sentimita 58, yaani upana wa mabega ya mtu mzima na kidogo zaidi, bila upepo na bila kosa la mkono. Barrett M82, bunduki ya 12.7 inayojulikana kuliko zote, ikilishwa risasi za kawaida zilizotengenezwa kwa ajili ya rashasha, hutawanya mara mbili au tatu ya hapo. Mara tatu ni mita 1.74. Na risasi ya 14.5 ilizaliwa kwa ajili ya bunduki za Kisovieti za kutoboa vifaru, mwaka 1941, kisha ikawa chakula cha rashasha nzito ya KPV. Risasi nyingi za aina hiyo zilizopo duniani hazikutengenezwa kwa mtu anayelenga kifua. Jeshi likizitoa kwenye maghala ya rashasha na kuzitia kwenye bunduki ya bei ghali, litakuwa limenunua kelele.

Dai la tatu: bunduki ile ndiyo iliyowaondoa M23 kwenye vilima vya Kibati, karibu na Goma, kwa hiyo itawaondoa Malaika Salamabila. Tuitazame Kibati yenyewe. Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kuingilia kati iliundwa kwa azimio 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, ikiwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Agosti hiyo kulikuwa na helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, mizinga ya brigedi, vifaru na askari wa FARDC waliopanda vile vilima kwa miguu na kufa juu yake. Meja Khatibu Mshindo wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliuawa tarehe 28 Agosti. Baada ya hapo ikaja miezi miwili zaidi, pamoja na shinikizo la Marekani na Uingereza kwa Kigali, hadi FARDC walipotwaa vilima vya Chanzu na Runyonyi mwanzoni mwa Novemba. Kuichukua risasi moja kutoka katika haya yote na kuipa ushindi ni kuwadhulumu waliokufa pale.

Na ushindi wenyewe ulidumu? M23 walirudi Novemba 2021. Januari 2025 waliingia Goma, na katika mapigano ya siku hizo, Sake na Goma, waliuawa wanajeshi 14 wa Afrika Kusini, nchi ileile iliyotengeneza NTW-20 na kumlea yule mdunguaji wa 2013. Watetezi wa hoja hii huitaja Goma ya 2013 kila mara. Sijasikia wakiitaja ya 2025, na mwamuzi yeyote atataka kujua kwa nini.

Sasa tuje nyumbani, maana dai la nne ndilo linalonifanya niandike. Wanasema mdunguaji aliyekaa juu ya kilima kirefu cha Namoya atachagua adui na kumwacha raia, kwa sababu silaha hii ni ya usahihi. Wengine wao, wakati mwingine mtu yuleyule, wanasema hakuna atakayejificha, kwa sababu risasi yake inatoboa ukuta. Chagueni moja. Risasi ya 14.5 ina uzito wa gramu 64 hivi, mara nane ya risasi ya AK. Ikitoboa ukuta wa udongo Salamabila haisimami kuuliza aliyelala chumba cha pili ni nani. Ikikosa, inaendelea. Hata ile ndogo yake, 12.7, ikirushwa juu kiasi, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 6 kabla ya kuanguka, na Salamabila si jangwa la Helmand, Afghanistan: huko inakokwenda kuna mashamba na kuna watu.

Lakini tuwape nafasi yao nzuri kabisa. Tuseme mdunguaji ni hodari, amelala juu ya Mwendamboko au Kakula asubuhi isiyo na ukungu, na mbele yake kuna eneo lililochimbwa ambalo halina miti. Kwenye njia za msituni na kwenye nyasi zinazompita mtu kimo hawezi kuona mita 100, na huko ndiko wanakoviziwa watu, basi tumweke pale panapoonekana. Ana darubini inayokuza mara 10. Kwa mita 2,000, anamwona mtu kama ambavyo jicho tupu lingemwona kwa mita 200, isipokuwa kwamba katikati kuna kilomita mbili za hewa inayochemka tangu saa tatu asubuhi, na picha inatetemeka. Anamwona kijana amebeba kitu kirefu begani. Nyuma yake wapo wanne wenye mifuko. Je, ni mtaimbo au ni bunduki? Mifuko ni ya mawe ya dhahabu au ni ya magazini? Wachimbaji wa Namoya hutembea hivyo hasa: mtaimbo begani, mfuko mgongoni, kwa makundi, alfajiri na jioni. Malaika nao hawana sare ya kuwatenga. Wengi wao wametoka katika vijiji hivyohivyo, wana AK, wana bunduki za kuwindia za kaliba 12, na siku nyingine wako shimoni wakichimba kama wenzao. Umbali ambao risasi inafika ni mkubwa kuliko umbali ambao mpigaji anaweza kujua anampiga nani. Hilo halitibiwi na mtutu mrefu zaidi. Linaongezwa nao.

Kumbukeni pia madhara yenyewe yalivyotokea. Julai 2019 wafanyakazi wanne wa mgodi wa Namoya walitekwa nyara, na Septemba mwaka huo kampuni yenye mgodi huo, Banro, ikatangaza kusimamisha kazi. Mateka hutembezwa katikati ya watekaji. Mdunguaji wa mita 2,000 angempiga nani katika mstari ule? Na wanawake waliotibiwa na Médecins Sans Frontières pale Salamabila baada ya kubakwa hawakushambuliwa kutoka mbali. Waliofanya hivyo walikuwa karibu nao kiasi cha kuwashika mkono. Silaha inayoanza kufaa pale ambapo maovu haya hayatokei si jibu la maovu haya.

Dai la tano husemwa kwa sauti ya chini, na ninalichukua kwa heshima kwa sababu waliolikuza ni wazee wetu. Wanasema dawa ya kinga wanayopakwa wapiganaji wa Mai-Mai, Malaika wakiwemo, inazuia risasi ndogo tu, hivyo inahitajika bunduki kubwa ambayo dawa haiiwezi. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliingia Kindu wakiamini risasi zitageuka maji. Walianguka mbele ya bunduki za kawaida za askari wa miguu, na walikufa kwa milimita 7.62. Waliokufa Umatumbi na Ungoni katika Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, wakiwa na imani hiyohiyo, nao walikufa kwa bunduki za enzi yao, si kwa mizinga peke yake. Imani hii haijawahi kusubiri kaliba kubwa ili ishindwe. Tena kila iliposhindwa, waliobaki walieleza kwamba marehemu alivunja mwiko, akala alichokatazwa au akalala alipokatazwa. Maelezo ya namna hiyo yatakubaliana na maiti iliyopigwa kwa 14.5 kama yalivyokubaliana na iliyopigwa kwa 7.62. Anayetaka kijana aache kuitegemea dawa aongee na kijana, na anayempaka.

Kwa haki, upande ninaousimamia nao una dai bovu, na sitalipitisha. Wapo wanaopinga bunduki hizi kwa kusema Mikataba ya Geneva inakataza kumpiga mtu kwa 12.7 au zaidi. Haikatazi. Hakuna kifungu kama hicho, ijapokuwa maneno haya yamezunguka majeshini kwa miaka mingi. Kilichopo ni Tamko la St. Petersburg la 1868, lililokataza risasi za kulipuka zenye uzito chini ya gramu 400. Hilo linaleta swali zito kwa NTW-20 ya milimita 20, ambayo ina risasi za kulipuka zilizo chini kabisa ya uzito huo, lakini haligusi risasi ya chuma ya 12.7. Tunaweza kushinda hoja hii bila kubuni sheria.

Dai la sita ni la historia, nalo ndilo lililonigusa zaidi kwa kuwa linaitumia Kasongo. Wanasema: mwaka 1893 Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, aliuangusha mji wa Kasongo uliokuwa wa Waarabu kwa sababu alikuwa na bunduki bora na mzinga wa Krupp, hivyo aliye na silaha ya mbali ndiye mwenye Maniema. Bunduki bora alikuwa nazo, ni kweli. Lakini zilikuwepo tangu mwanzo, na hazikuwa zimemfikisha Nyangwe wala Kasongo hadi Ngongo Lutete alipowaacha Waarabu aliokuwa akiwapigania mwaka 1892 na kuhamia kwake na maelfu ya watu wanaoijua nchi. Lualaba aliuvuka kwa mitumbwi ya Wagenya, ndipo Nyangwe ikaanguka Machi 1893, na Kasongo Aprili. Bila Ngongo Lutete na bila Wagenya, mzinga ule ungebaki ng'ambo ya mto. Na Septemba mwaka uleule Wabelgiji walimpiga risasi Ngongo Lutete, mtu aliyewapa ushindi, na miaka miwili baadaye askari waliokuwa wake waliasi Luluabourg. Wakileta 1893 kama ushahidi, waulete wote: vita ya Maniema iliamuliwa na nani yuko upande wa nani, na ikaharibika tena kwa sababu hiyohiyo.

Linabaki swali wanalonirushia kila nikifika hapa: basi unataka Salamabila ife? Nataka Salamabila ipate kinachofanya kazi. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza tena na tena kwamba sehemu kubwa ya silaha na risasi za makundi ya mashariki hutoka katika maghala ya FARDC wenyewe. Anayetaka kuwapokonya Malaika nguvu aanze kwa ghala lenye kufuli na daftari, na kwa askari anayelipwa kwa wakati, asije akauza risasi ili ale. Malaika walijijengea jina kwa kusema wanawatetea wenyeji mbele ya kampuni, na waliyoyasema kuhusu kazi na mashimo yaliyofungwa yalisikilizwa kwa sababu kulikuwa na watu waliofukuzwa mashimoni kweli. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamruhusu waziri kutenga maeneo ya wachimbaji wadogo. Eneo la namna hiyo, lenye mipaka inayojulikana na dhahabu ya kutosha kulisha watu, litamtoa kijana msituni kuliko mtutu wowote.

Na kama kamanda wa pale analazimika kuomba bunduki ya shabaha, NTW-20 yenye uzito wa kilo 30 hivi, inayobebwa na watu wawili na kula risasi tatu kwa magazini, si ya kupanda nayo njia za Kabambare. Ipo Dragunov SVD: kilo 4.3, risasi ileile ya rashasha ya PKM ambayo FARDC tayari wanayo, na umbali wa kazi wa mita 800, ambao bado ni mwingi kuliko macho yanavyoruhusu katika nchi ile. Aombe hiyo, aombe na miezi ya mafunzo, na kando ya mpigaji amweke mtazamaji mwenye darubini ya pili, anayesema Kibangubangu, anayeujua mtaimbo wa mchimbaji akiuona, na ambaye amepewa mamlaka ya kusema usipige.